Wasiwasi wa mtoto hautibiwi kwa maneno pekee
Kuna mwandishi wa makala anayedai kwamba mtoto mwenye wasiwasi uliopitiliza anahitaji mtu wa kuzungumza naye tu, na kwamba tiba kwa vitendo (occupational therapy, yaani kumsaidia mtu amudu shughuli zake za kila siku) ni ya waliopata kiharusi au kuvunjika mikono. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mtoto wa miaka 6 mara nyingi hawezi kusema "nina hofu". Atakwambia tumbo linauma, atagoma kuvaa sare, atalia mlangoni mwa darasa. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo anaanzia hapohapo: anachunguza ni shughuli gani ya kila siku inayomshinda mtoto, kisha anaigawa katika hatua ndogondogo. Binti yangu hakuambiwa "usiogope". Alipangiwa ratiba ya asubuhi kwa picha, akafundishwa kusukuma ukuta kwa viganja na kupumua taratibu kabla ya kuingia darasani, na mwalimu akaombwa amkalishe mbali na kelele. Jean Ayres, mtaalamu wa fani hii nchini Marekani, aliandika tangu miaka ya 1970 jinsi ubongo unavyopanga taarifa za sauti, mguso na mwendo. Kuna watoto ambao kelele ya kawaida huwatesa kweli, hawadeki. Kwa hofu kali, tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na tabia ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi (hilo lisemwe wazi), lakini kwa nini tiba hizi mbili zisiende pamoja? Wazazi wenzangu, shule zenu zilikubali mabadiliko madogo kama hayo, au mlilazimika kubishana?