Ukinunua Prado ya siti saba kwa ajili ya Kigoma, chukua gredi ya TX

Kabla hujaangalia picha za magari kwenye simu, hesabu watu na mizigo ya safari moja ya kawaida ya familia yako. Kwa familia nyingi za Kigoma mjini safari hiyo inajulikana: baba, mama, watoto watatu, bibi, na ndugu mmoja anayeshukia Kasulu. Kwenda kuna mfuko wa dagaa kutoka Kibirizi na dumu la mawese. Kurudi kuna gunia la maharage na mikungu miwili ya ndizi. Jiulize vyote hivyo vitakaa wapi siti za nyuma kabisa zikiwa zimeinuliwa.

Gari la siti saba hubeba watu saba, au watu watano na mizigo. Karatasi zenyewe za Japani zinakubali hivyo. Kwenye cheti cha usajili kuna uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Toa mmoja kwenye mwingine, na kwa gari la siti saba utapata kilo 385, yaani kilo 55 mara saba. Hesabu hiyo ni ya watu tu, tena watu wepesi. Dumu la lita 20 la mawese peke yake ni karibu kilo 18 na halimo humo. Gari halitavunjika siku hiyohiyo, lakini springi za nyuma zitalala, taa zitamulika juu na kuwaumiza macho wanaokuja, breki zitachelewa, na chini litaanza kugusa kila linapotoka kwenye korongo.

Ukienda kulikagua, beba futi kamba. Sogeza siti ya dereva mpaka mtu mrefu wa nyumbani akae vizuri, kisha siti ya pili nyuma yake, halafu mkalishe mtu mzima safu ya tatu na umwache humo dakika ishirini. Kwenye Prado ya 150, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 2009, sakafu ya nyuma iko juu kwa sababu chini yake kuna chasisi na ekseli nzima, kwa hiyo magoti yanapanda kuelekea kifuani. Mtoto wa shule ya msingi hana shida hapo. Mtu mzima atachoka kabla hamjafika Kasulu. Pima pia nafasi inayobaki kati ya siti hizo na mlango wa nyuma. Ni ya mabegi ya shule, basi.

Kama njia zako zote ni za lami na siti saba zinajaa kila siku, nasema wazi: nunua Noah. Watu wanakaa vizuri zaidi na mafuta unayaokoa. Lami ya Manyovu ipo, ya Kasulu ipo, ya Uvinza ipo. Gari la juu linahitajika pale unapoiacha lami hiyo na kuingia vijijini, kwenye udongo mwekundu wa milima ya Buhigwe. Mvua za kuanzia Novemba mpaka Aprili huufanya uteleze kama sabuni.

Hapo ndipo Vanguard, Kluger na X-Trail T32 zinapoishia. Ni magari mazuri ya mjini yenye safu ya tatu ya kubanana. Foo wili ya Vanguard na X-Trail hutegemea kifaa kinachounga magurudumu ya nyuma pale ya mbele yanapoteleza. Ukilisukuma kwenye tope kwa dakika kadhaa, kifaa hicho hupata joto na kujiachia, nawe unabaki na gari la magurudumu mawili katikati ya mlima. X-Trail na Vanguard ya 2.4 zina giaboksi ya CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za hatua, na mzigo mzito kwenye mwinuko mrefu huipika oili yake. Kwenye Vanguard hiyohiyo chomoa kijiti cha oili, kwa kuwa injini ya 2AZ-FE inajulikana kwa kula oili pete za pistoni zikichoka. X-Trail ina faida moja ya kweli: injini yake haifiki cc 2,000, na ushuru wake hupungua kwa sababu hiyo. Umri nao unahesabiwa, gari likizeeka kodi inapanda, kwa hiyo ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hela.

Tubaki basi na Prado. Swali linalowagharimu watu ni la gredi. Za Japani ni TX, kisha TX-L yenye siti za ngozi, na juu kabisa TZ-G. Wengi wakiona TZ-G ya bei karibu na ya TX wanaikimbilia, kwa imani kwamba wameokota. Mara nyingi bei imeshuka kwa sababu vitu vya TZ-G vimeanza kufa.

Cha kwanza ni springi za hewa za nyuma. TX ina springi za chuma, na fundi yeyote wa Mwanga au Ujiji anazijua. TZ-G ina mipira ya hewa, kompresa, sensa za urefu na shokapu zinazoongozwa kwa umeme. Mpira ukizeeka unapasuka nyufa ndogo. Hewa inatoka polepole, kompresa inafanya kazi mfululizo kuirudisha, na mwisho nayo inaungua. Kosa la kifaa kimoja limekuwa la viwili. Kupima ni rahisi: pandisha gari juu kabisa kwenye uwanja tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi pande zote mbili, liache usiku kucha, asubuhi pima tena. Upande ulioshuka unavuja. Paka maji ya sabuni kwenye mpira utaona mapovu. Kifaa kipya utakiagiza Dar, zaidi ya kilomita elfu moja, gari likiwa limelala chini. Wengine hung'oa mfumo wote na kufunga springi za chuma. Yaani walilipia TZ-G ili waishie na TX.

Angalia pia KDSS, mitambo ya mafuta inayozuia gari kulala kwenye kona. Ni kitu kizuri sana kikiwa kizima. Chungulia chini kwenye mabomba na silinda zake. Ukiona unyevunyevu wa mafuta au gari limeinamia upande mmoja, ondoka.

Cha pili ni matairi, na hapa sikubali kubishana. TX inatembelea 265/65R17, saizi inayotumika hata kwenye Hilux na Fortuner, kwa hiyo duka la matairi lina sababu ya kuwa nayo. TZ-G za kuanzia mwaka 2017 zina rimu za inchi 19, tairi 265/55R19. Piga hesabu ya ukuta wa tairi: ya inchi 17 ina milimita 172, ya inchi 19 ina 146. Hizo milimita 26 ndizo zinazomeza kona ya shimo kabla halijafika kwenye rimu. Ukuta mfupi huota uvimbe, rimu hupinda, na barabara yenye rasta inaingia moja kwa moja mgongoni mwa bibi.

Kioo cha juu cha kufunguka kina mirija myembamba ya kutolea maji. Vumbi na majani yakiiziba, mvua ya Desemba inashukia kwenye dari ya ndani na nyaya zake. Siti za nyuma za kukunjwa kwa umeme nazo hukwama zikiwa nusu, kwa vumbi au punje ya maharage iliyoingia kwenye reli, na huwezi kuzilazimisha kwa mkono kama zile za kawaida. Kitu ambacho ningekilipia bila kusita ni mifuko ya hewa ya pembeni inayofika mpaka safu ya tatu. Kipoza hewa cha nyuma nacho kinafaa, maana watoto wanaokaa huko hawana dirisha la kufungua.

Kuhusu injini. Ya 2.7 ya petroli ni 2TR-FE, inatumia cheni, haina makuu, na kila fundi anaifahamu. Udhaifu wake ni nguvu: nyutoni-mita 246 kwa gari la zaidi ya tani mbili. Kabla ya Juni 2015 ilikuja na gia nne, na ikibeba watu saba mlimani inanguruma huku kasi ikipungua. Za baada ya hapo zina gia sita, na tofauti unaisikia. Tegemea kilomita saba hadi nane kwa lita. Ya 4.0 ina nguvu, lakini kwa bei za mafuta za Kigoma, ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, huzitangaza juu ya zile za Dar kwa sababu ya usafirishaji, ni mzigo wa kila wiki.

Dizeli ya 2.8 ina nyutoni-mita 450 au zaidi na kwa milima ndiyo inayostahili. Ila ile ya soko la Japani ina chujio la moshi na tangi la maji ya urea. Maji yakiisha, ukishazima injini haiwaki tena. Chujio nalo linahitaji safari ndefu za kasi ili lijisafishe, na mizunguko ya Mwanga hadi Gungu hulijaza masizi. Kama husafiri mara kwa mara, au hujui utapata wapi urea, chukua petroli. Dizeli ya zamani ya 3.0 kwenye Prado ya 120, toleo lililotangulia, usiiguse mpaka fundi ashushe sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Washa za shaba, yaani zile pete ndogo zilizo chini ya nozeli, zikichoka, moshi unaingia kwenye oili, masizi yanaziba chujio la pampu, na injini inakauka ikiwa na oili tele.

Kwa hiyo mimi ningechukua TX ya 2.7 yenye gia sita, rimu za 17, karatasi ya mnada wa Japani yenye alama 4 au zaidi na isiyo na herufi R, kwa sababu R ni ajali iliyotengenezwa. Hela inayobaki kwenye tofauti ya gredi iende kwenye matairi manne mapya, shokapu za nyuma, na oili zote: ya injini, ya giaboksi, ya difu mbili na ya boksi la foo wili. Chasisi igongwe kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma, maana magari ya mikoa ya theluji huliwa na chumvi ya barabarani.

Na wiki ya kwanza, shusha tairi la akiba. Linaning'inia chini kwa mnyororo, na mnyororo ule ukishika kutu na tope haushuki. Upake grisi, uushushe na kuupandisha mara tatu, kisha urudie kila mvua zinapokaribia.