Mama Aliyejiunga 1974

Jumamosi iliyopita gari lilinigomea kwenye maegesho ya duka la vyakula hapa Maryland. Baridi kali, betri imekwisha, ukizungusha ufunguo unasikia tk-tk-tk basi. Nimefungua boneti nimeduwaa, akapaki pembeni mama mmoja mtu mzima, mvi kichwa kizima. Betri hakuitazama. Alitazama fremu ya pleti namba yangu, ya buluu na nyeupe, yenye herufi tatu za Kigiriki, akaita, "Soror!" yaani dada. Akatoa nyaya za kubusti, na kabla gari halijawaka alikuwa ameshaniuliza nilijiunga mwaka gani na tawi gani, kama bibi yangu anavyomuuliza mgeni ukoo wake. Yeye alijiunga 1974, akiwa chuoni. Jumatatu akanipigia kuuliza kama nimeshanunua betri mpya.

Nilifurahi, halafu nikakasirika. Nimetukasirikia sisi tuliosoma vyuo vya nyumbani.

Mimi ni mwanachama wa Zeta Phi Beta, sororiti, yaani chama cha udada cha wanachuo. Kilianzishwa na wasichana watano weusi pale Chuo Kikuu cha Howard, Washington, Januari 1920. Ukiingia umeingia maisha. Wanachuo wana matawi yao na waliohitimu wana yao, na mimi niliingia kwa mlango huo wa pili baada ya kumaliza masta.

Najua yanayokuja. "Freemason hao!" Shangazi yangu alikuwa wa kwanza kusema. Shangazi, desturi ya herufi za Kigiriki ilianzia kwa Phi Beta Kappa, chama cha wasomi cha Chuo cha William & Mary, Virginia, mwaka 1776; waliofuata wakaiga. Wanafunzi weusi wakaanzisha vyao, kama Alpha Phi Alpha pale Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, kwa sababu walikuwa wachache na maisha ya chuo yaliwaacha nje. Martin Luther King alikuwa Alpha. Nkrumah na Azikiwe, waliosoma huku kisha wakarudi kuongoza Ghana na Nigeria, walikuwa Phi Beta Sigma, na hao kikatiba ni kaka zetu sisi Zeta.

"Wanapigana na kunyweshana pombe mpaka watu wanafa." Hilo ni kweli, silipaki rangi. Vijana wamekufa wakipokelewa kwenye vyama vya namna hii, na Desemba 2024 ilitiwa saini sheria ya shirikisho la Marekani inayovitaka vyuo kutangaza matukio hayo. Mwanangu akitaka kujiunga nitamwambia: wakikugusa, ondoka usiku huohuo. Ada nazo ni kubwa, na wapo wanaoishia mlangoni kwa sababu hiyo. Hilo linaniuma.

Sasa turudi nyumbani. Baada ya kuhitimu nilizunguka Posta miezi minane na bahasha ya kaki. Ofisi moja nikafika mpaka mbele ya bosi, nikaona cheti chake ukutani: chuo changu, kozi yangu. Miaka ishirini ilitutenganisha, lakini wote tulibebana kwenye vile vitanda vyembamba, wote tulikula kwa mkopo kwa mama ntilie. Ila hapakuwa na kitu cha kutufanya watu wamoja. Akasema kwa upole, "Acha CV mapokezi." Simlaumu. Ningemwita kaka kwa lipi? Baadaye nikasikia nafasi imekwenda kwa mwenye mjomba.

Sikutaka kupewa kazi bure. Nilitaka dakika kumi za mtu aliyetangulia. Huku nilipoitwa kwenye usaili wa kwanza, dada mmoja wa tawi letu, mhasibu mstaafu, alinikalisha mezani jikoni kwake saa mbili nzima akinihoji, akinikatiza kila nikisema "sijui kama naweza". Kwenye kampuni ile hakumjua hata mlinzi. Kazi niliipata mwenyewe.

"Umesahau kwenu." Nisahau vipi? Nani anazika kama sisi? Mwenzetu wa darasa alipofiwa na baba mwaka jana, grupu lilikusanya milioni mbili na laki tatu kabla ya jua kuzama. Nilijivunia mpaka nikalia. Wiki mbili baadaye mwingine akaandika kwamba ameitwa usaili Dodoma, hana nauli. Tiki za buluu zikajaa. Kimya. Mmoja akaweka mikono ya kuomba. Nauli ya basi, jamani!

Na msiniambie ni mambo ya Wazungu. Kikoba cha mama yangu kule Muheza kina katiba, faini ya kuchelewa, sare ya kitenge na mfuko wa jamii, na anayeingia lazima adhaminiwe na mama wa zamani. Mama aliishia darasa la saba. Nilipohudhuria kikao changu cha kwanza cha tawi, katibu akasoma muhtasari na kuanza kudai ada, nikajiona niko barazani kwa mama. Ni sisi tuliovaa majoho ndio tuliagana getini, tukaja kutafutana msibani.

Kwa hiyo nimewapigia wenzangu wanane: kila mmoja amchukue mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu wa kozi yetu. Wanne wamekubali. Wa kwangu, binti wa Kibondo, alinitumia CV yake juzi, nikakaa nayo mpaka saa saba usiku. Anwani yake ya barua pepe ilikosewa herufi moja, kwa hiyo hata wangemtaka wasingempata. Nikampigia saa hiyohiyo, kwake kumeshakucha, tukaipitia mstari kwa mstari. Kesho tunafanya mazoezi ya usaili, na nimeshamwambia aache kuniita madam.