Acheni kukata jina la kanga
Kila nikikuta picha ya kanga ya zamani mtandaoni, jina, yaani yale maneno yake, limekatwa. Wanatuonyesha maua ya mjini (pale katikati ya kanga), rangi, kona nzuri ya pindo, maandishi yamebaki nje. Inaudhi! Kanga bila jina ni barua isiyo na maneno. Ile ya Obama ya 2008 imeandikwa “Upendo na amani ametujalia Mungu”. Ukiyakata hayo unabaki na sura tu, na sura yake iko kila mahali. Hata ile alama ndogo ya “K.H.E. Mali ya Abdulla”, ya wafanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, hukatwa, wakati ndiyo inayotuambia kanga imetoka kwa nani. Washona mito ya makochi wamezidi: mkasi unapita katikati ya methali. Jamani, sogezeni kamera nyuma kidogo tusome!