Protini yako inamshika nani mwingine?

Tangazo la protini mpya iliyobuniwa kwa kompyuta huja na namba moja mbele: inashika shabaha yake, yaani protini inayolengwa, kwa nanomola kadhaa (namba ikiwa ndogo, mshikano ni mkali). Sawa, hongera. Na ndugu za shabaha hiyo je?

Shabaha nyingi zina ndugu, yaani protini nyingine zinazofanana nazo. Bcl-xL na Mcl-1, protini mbili zinazozuia kifo cha seli, kwa mfano, zote hupokea heliksi ya BH3 (kipande cha protini kilichojisokota kama springi) kwenye mfereji unaofanana, hivyo kishikaji, yaani protini iliyobuniwa, kinachoingia kwa mmoja kina kila sababu ya kuingia kwa mwenzake. Kutofautisha ndugu wawili mara 100, kwenye nyuzi 25, kunahitaji pengo la nishati la kilokalori 2.7 hivi kwa moli. Ni pengo dogo, na makosa ya hesabu zetu za nishati yanakaribia ukubwa huo huo. Anayepanga vishikaji kwa alama za kompyuta peke yake, kwa suala hili, anapiga ramli.

Njia ya siku hizi inajulikana: RFdiffusion inachora umbo, ProteinMPNN inalijaza asidi amino (matofali ya protini), AlphaFold inakagua kama minyororo miwili, wa kishikaji na wa shabaha, itakutana palipokusudiwa. Ni hatua kubwa, kwani mwaka 2022 vishikaji vilivyofanya kazi maabara vilikuwa chini ya asilimia 1 kwa shabaha nyingi. Lakini hakuna hata hatua moja kati ya hizo tatu inayouliza habari za ndugu. Hata ukimpeleka ndugu kwa AlphaFold, usitulie: badilisha asidi amino moja muhimu kwenye shabaha, na mara nyingi itaendelea kuchora mshikano ule ule, tena kwa kujiamini.

Kwa hiyo uchaguzi ufanyike kabla ya kuchora chochote. Panga mifuatano ya ndugu wote sambamba, weka alama panapotofautiana juu ya uso, halafu chagua humo asidi amino 3 hadi 6 za kulengwa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kiraka kinachokimbia maji ndicho rahisi kushikwa, na ndicho ambacho ndugu huwa wanafanana zaidi. Sehemu zinazotofautiana mara nyingi zina chaji na hupenda maji. Ukizilenga, vishikaji vingi zaidi vitafeli. Heri vichache vinavyojua pa kwenda.

Tazama GCN4, protini ya hamira inayowasha jeni. Heliksi zake mbili zimesokotana, na katikati ya mshono uliojaa asidi amino za leusini na valini kuna asparajini moja, namba 16, inayokutana na pacha wake wa upande wa pili. Asparajini hiyo inapunguza uthabiti. Weka valini mahali pake: mshikano unakuwa imara zaidi, ila heliksi sasa zinaungana mbili mbili na tatu tatu kwa mchanganyiko. Asparajini ilikuwa mlinzi wa mlango. Mwaka 2009, watafiti wa MIT walibuni peptidi 48 za kushika familia 20 za bZIP za binadamu (protini zinazosokotana kama GCN4), wakiweka washirika wasiotakiwa ndani ya hesabu yenyewe na kukubali kupoteza nguvu kidogo ili kupata uchaguzi, yaani kumshika anayetakiwa tu. Mazoea hayo tumeyaacha tulipopata zana za kasi.

Maabara nako kuna mitego. Ukiunganisha kishikaji kwenye Fc, kipande cha kingamwili chenye pande mbili, kinakuwa na mikono miwili, na mshikano dhaifu kwa ndugu utaonekana mkali. Pima kikiwa kimoja kimoja. Ukichuja vishikaji vilivyobebwa juu ya seli za hamira, weka shabaha yenye alama kwa nanomola 1, na ndugu wasio na alama kwa nanomola 100 ndani ya mrija huo huo. Halafu haribu kishikaji makusudi: asidi amino moja ya katikati ya mshikano igeuze kuwa ya chaji, aspateti kwa mfano. Ishara ikibaki vile vile, ulichokuwa unapima huenda ni kunata tu. Kishikaji chenye leusini na fenilalanini nyingi usoni hunata hata kwenye plastiki.

Jedwali la matokeo basi liwe na safu ya kila ndugu aliyepimwa, pamoja na wale walioshikwa bila kutarajiwa. Safu hizo ndizo ninazozisoma kwanza.