Faini Moja, Mawakili Mtaa Mzima

Ukitaka kujua ni watu wangapi unaoishi nao wamesomea sheria kimyakimya, pata karatasi ya faini ya mwendokasi. Huna haja ya kumwomba mtu ushauri. Itoe mfukoni, ikunjue, guna mara moja tu. Watakuja wenyewe, kila mmoja na kifungu chake.

Yangu imekuja kwa posta, katika bahasha ya kidirisha cha nailoni, zile ambazo hazijawahi kumletea mtu habari ya heri. Ndani kuna picha ya gari langu kwa nyuma. Namba zinasomeka vizuri kuliko ninavyozisoma mimi nikiwa nimesimama nazo uso kwa uso. Hata bampa niliyoifunga kwa waya inaonekana, na waya wenyewe, na fundo. Picha zangu za harusi hazikutoka safi hivyo, na yule mpiga picha tulimlipa. Kando wameandika: kikomo 50, mwendo uliopimwa 64. Kiasi cha faini kiko kwa wino mnene. Haki zangu ziko chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani.

Kabla sijaendelea, ieleweke kwamba mimi nilikuwa naenda mwendo wa kawaida. Kawaida ni ngapi, hilo tusilipeleke mbali.

Mshauri wa kwanza alikuwa shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, akacheka. "Shemeji, hapa hudaiwi kitu. Ona jina lako, wamekula herufi. Hii ni batili." Akanirudishia na kuondoka, mtu aliyemaliza kesi.

Mjomba yeye ana njia mbili. Ya kwanza: usilipe, usijibu, karatasi ikikosa majibu inajifia yenyewe. Nikamwuliza zake zilijifia lini. Akasema tuje kwenye ya pili. Ya pili ni kuwaandikia kwamba siku hiyo gari alikuwa nalo ndugu fulani, sasa marehemu. "Marehemu haitwi shaurini, mwanangu." Alisema hivyo bila kupepesa, mtu mzima, mzee wa familia, anayetuamulia ugomvi wa mashamba.

Lakini aliyeniteka hasa ni kijana mmoja wa kazini. "Mzee wangu, hiyo ni rada. Rada inapiga wimbi, wimbi linagonga gari, linarudi limebadilika, wao wanapima lile badiliko. Alivumbua Doppler, Mwaustria, mwaka 1842. Sasa kamera yenyewe imesimama wapi?" Pembeni mwa barabara, nikamjibu. "Umeona? Haikukutazama kwa mbele. Ikikupima kwa pembe, namba inakosewa. Hiyo ni fizikia, hakimu hawezi kuipinga." Nilirudi nyumbani nikiwa mtu huru. Usiku ule nilisoma intaneti hadi mama watoto akauliza kama nimeajiriwa tena na mahali pengine.

Na humo ndimo nilimokutana na jambo lililonichoma zaidi. Kamera hizi, zinazonikamata mimi na bampa langu la waya, alizianzisha Maurits Gatsonides wa Uholanzi. Mnajua alikuwa nani? Dereva wa mashindano! Alishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1953. Alitengeneza kifaa cha kupima mwendo wake kwenye kona ili ajue namna ya kupita kwa kasi zaidi. Yeye alijipima aongeze mwendo, sisi tunapimwa tutoe hela. Mbio azile yeye, faini nilipe mimi.

Basi nikaona niende kwa wenye taaluma. Kosa la pili la serikali baada ya kamera (la kwanza nimeshalisema) ni kwamba mtu ukitaka kumwuliza wakili kama ulipe faini, unalipa kwanza ada ya kuuliza. Mapokezi walinitajia ada hiyo kwa sauti ya upole sana. Nikaitazama faini, nikaitazama ada. Faini ilikuwa imeanza kupendeza.

Nikajaribu kituo cha msaada wa kisheria, ule wa bure. Dada wa pale alinisikiliza vizuri, kalamu mkononi. "Kuna hatari ya kufungwa, kaka?" Hakuna. "Leseni itachukuliwa?" Hapana. "Kuna mtu aliumia?" Mimi tu, moyoni. Akafunika kalamu. Akaniambia wanaosaidiwa ni wenye mashauri mazito: wanaofukuzwa kwenye nyumba, walioko mahabusu. Akasema pole. Nilitoka pale natamani kosa langu lingekuwa limenenepa kidogo, walau nipewe kiti.

Hatimaye nilimpata wakili kupitia mke wa shemeji, mwanamke mmoja mwenye mwendo wa haraka na saa kubwa mkononi, aliyekubali kunisikiliza katikati ya mashauri mawili. Nikamwita mheshimiwa. Akasema mheshimiwa ni hakimu, yeye nimwite wakili, na muda unakwenda.

"Umeshalipa?"

"Bado."

"Vizuri. Nchi nyingi ukilipa umekiri. Huwezi kulipa leo ukaja kubisha kesho. Bahasha iko wapi?"

Nani huweka bahasha? Lakini bahati ya mtu haipotei: mwanangu alikuwa ameichorea tembo nyuma na mbele, na tembo lile halitupwi nyumbani kwetu bila vita. Nikaitoa. Wakili akaisogeza karibu na macho. "Muhuri wa posta huu hapa, juu ya mkonga. Muda wa kupinga unahesabika, na tarehe ndiyo roho yake. Ukichelewa, hata kama una haki tele, mlango umefungwa."

Kwa hiyo kile kifo cha kawaida cha karatasi anachokihubiri mjomba, kumbe karatasi haifi. Inakaa pembeni inanenepa, inaongezewa adhabu ya kuchelewa, kisha inarudi na wenzake.

"Ulikuwa unaenda kasi gani?" akauliza.

"Ya kawaida."

"Kawaida ni ngapi?"

"Wakili, kwani wewe uko upande gani?"

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilijaribu kusoma kwa kupindua shingo, akalifunika kwa kiganja.

Nikaanza na herufi ya shemeji. Akasema kosa dogo la tahajia hurekebishwa palepale; linalotazamwa ni kama nilijua nashtakiwa mimi na kwa lipi. Picha ni ya gari langu, namba ni zangu. "Na umekuja hapa mwenyewe ukiwa umeikumbatia hiyo karatasi." Shemeji akaanguka.

Nikamleta marehemu. Hapo akaweka kalamu chini kabisa. Akanisimulia habari ya Marcus Einfeld, jaji mstaafu wa Mahakama ya Shirikisho ya Australia. Jaji! Mwaka 2006 alipata faini ya dola 77, alikuwa amezidisha kilomita kumi kwa saa. Akasema gari alikuwa nalo rafiki yake mmoja, profesa. Waandishi wakafuatilia, wakakuta profesa huyo alifariki mwaka 2003. Mwaka 2009 jaji akaenda jela kwa kusema uongo chini ya kiapo. "Dola 77," wakili akarudia. "Angelipa angekuwa kwake." Mwenye gari akiulizwa nani alikuwa anaendesha, atamtaja aliyekuwa anaendesha, basi. Nikaomba jina la mjomba lisiandikwe popote.

Nikabakiza silaha yangu kubwa, pembe. Nikaifafanua kwa utaratibu, nikachora barabara, gari na kamera juu ya faili la mteja mwingine. Doppler nilimtaja kwa heshima zote. Wakili alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilipaswa kunitia shaka.

"Uko sahihi," akasema. "Rada ikikupima kwa pembe, kipimo kinakosewa. Kinakosewa kwa kushuka. Kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo inavyosoma mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Kamera za pembeni zinawekewa hesabu ya kufidia pembe hiyo. Sasa ukisimama pale ukathibitisha kwamba pembe haikuhesabiwa, utakuwa umethibitisha nini?"

Nikafikiri.

"Kwamba ulikuwa unakwenda zaidi ya 64," akanisaidia.

Yule kijana wa kazini tangu siku hiyo ananikwepa, na akili anayo.

Nikasema basi nitatafuta hesabu nyingine, nitapima barabara mwenyewe. Akanionya. Kuna bwana mmoja wa Oregon, Marekani, Mats Järlström, mtu aliyesomea uhandisi huko Uswidi. Mkewe alipigwa picha na kamera ya taa nyekundu mwaka 2013. Mume akakaa chini akapiga hesabu, akaonyesha kwamba muda wa taa ya njano haukumfikiria dereva anayekata kona, maana huyo lazima apunguze mwendo. Akawaandikia wakubwa. Bodi ya jimbo ya wahandisi ikampiga faini ya dola 500 kwa kufanya uhandisi bila leseni. Faini juu ya faini! Alikwenda mahakamani akawashinda, lakini hadi mwaka 2018. Sasa huyo alikuwa na hesabu sahihi. Mimi mambo ya desimali niliyaacha mikononi mwa Mungu tangu shule.

"Kwa hiyo nilipe?" nikauliza.

"Sijasema ulipe. Nimesema usiwe mjanja."

Halafu, katika dakika chache zilizobaki, akanipa ushauri wenyewe, na ulikuwa mkavu hadi unakwaruza. Nenda barabarani ukapige picha kibao cha kikomo, kuanzia mahali dereva anapokiona, si kwa kukisogelea. Kama kimezibwa na tawi, piga na tawi, leo, kabla hawajalikata. Omba cheti cha uhakiki wa kifaa, uone kama tarehe ya picha inaangukia ndani ya muda wa cheti. Na omba picha ya pili. Kamera nyingi za aina hii hupiga mbili, zikiachana nusu sekunde, na barabarani kuna mistari myeupe ya kupimia. Gari la 50 husogea karibu mita saba katika nusu sekunde. La 64 husogea karibu mita tisa. Mistari ikigoma kukubaliana na rada, hapo una kesi. Kusema hukukusudia si utetezi, kifaa hakipimi nia. Kusema una haraka si utetezi, ni kukiri kwa maneno mengi. Hayo ni ya kuombea kupunguziwa adhabu ukishakubali kosa, usiyachanganye.

Barua ya kuomba vielelezo niliiandika mwenyewe, kurasa tatu. Nilimpelekea aipitie. Akachukua kalamu nyekundu. "Uonevu" ukakatwa. "Dhuluma ya mchana kweupe" ikakatwa, halafu akachungulia picha akasema hata mchana haukuwa, ilikuwa jioni. Nilikuwa nimemtaja pia Walter Arnold, Mwingereza wa kwanza kutozwa faini ya mwendokasi, aliyekamatwa huko Kent mwezi Januari mwaka 1896 akienda maili 8 kwa saa mahali pa maili 2. Maili 8! Mtu aliyebanwa na haja anampita. Askari alimfukuza kwa baiskeli. Nilimweka pale kuonyesha kwamba ukoo wetu umeonewa kwa muda mrefu.

"Huyu alishinda?" wakili akauliza.

"Hapana. Alilipa shilingi moja."

"Sasa anatafuta nini kwenye barua yako?" Akamkata.

Zilibaki sentensi nne, na mojawapo ni "Wako mtiifu".

Majibu yamekuja, bahasha ileile ya kidirisha. Cheti kiko sawa, kina muhuri na sahihi mbili. Kibao nimekipiga picha, tawi lipo, ila liko nyuma ya kibao, limekaa pale kunidhihaki. Picha ya pili nayo imo. Nilifunga mlango, nikavaa miwani, nikaweka rula juu ya meza, nikahesabu mistari. Nikahesabu kuanzia upande wa pili. Mama watoto akasimama mlangoni akauliza nimepata ngapi. Nikamweleza kwamba shauri likishakuwa mbele ya mahakama haliruhusiwi kuzungumzwa.

Siku ya kusikilizwa imepangwa, saa mbili kamili asubuhi. Wakili amesema nifike mapema, niongee ninapoulizwa, na nisimtaje Doppler. Shemeji ameomba aje asikilize, atakaa nyuma, eti nikikwama atanikonyeza. Mjomba amesema yeye hatakuwepo mjini. Na kwa kuwa njia ya kwenda mahakamani inapita mbele ya kamera ileile, nitakwenda kwa basi. Dereva akikimbia, karatasi ni yake, na ushauri nitampa palepale, bure, kabla hata hajaufungua ule mkunjo.