Nyimbo za Ibada Zisipimwe kwa Kipimo cha Jukwaa

Waimbaji wa kwaya tumelelewa katika imani kwamba do na re zikiimbwa kwa pamoja na kushikiliwa, lazima kuna aliyepotea. Mwalimu husimamisha wimbo, humpa kila mmoja noti yake upya, na mazoezi hayaendelei mpaka sauti ya pili irudi mahali pake. Wanawake wa Aukštaitija, kaskazini mashariki mwa Lithuania, walijenga muziki mzima juu ya mgongano huohuo, wakauimba katika mavuno, harusi na sherehe za misimu. Nyimbo hizo huitwa sutartinės, na leo huimbwa tena na wanawake wanaozunguka moto wa ibada ya dini ya asili ya Wabalti, ile ambayo wengi wetu tungeiita ya kipagani bila kufikiri mara mbili. Mimi ni Mkristo na ninaimba sauti ya pili parokiani kwetu. Hata hivyo, nina hakika kwamba nyimbo hizi hazieleweki mpaka zisikilizwe kama ibada, na kwamba wanaozisifu kama burudani ya jukwaani, hata kwa nia njema, wanaziondolea kile kilichozifanya ziwepo.

Nianze na jinsi zinavyoimbwa, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu inapokaa. Katika aina ya watu watatu, wanawake husimama wakitazamana. Wa kwanza huanza peke yake na mstari wenye maneno ya kisa. Akifika kwenye kiitikio, wa pili huuanza mstari uleule, hivyo kisa na kiitikio husikika kwa wakati mmoja. Wa pili naye akiingia kwenye kiitikio, wa kwanza hunyamaza na wa tatu huupokea mstari. Basi ukiisha ule mwanzo, daima zinasikika sauti mbili, wala hazifiki tatu, na wimbo haukatiki, maana kila anayepumzika ameshaachia nafasi yake kwa mwenzake. Noti zenyewe ni chache, kati ya mbili na tano tu, nazo zimepangwa kwa namna ambayo sauti mbili hukutana mara kwa mara zikiwa zimetofautiana kwa hatua moja. Hakuna sauti inayoongoza na nyingine kuisindikiza. Katika aina ya watu wanne, jozi mbili hupokezana, na mara nyingi waimbaji hutembea kwa duara au hupita katikati kama miale ya nyota, wakishikana mikono na kupiga miguu chini kwa utulivu usio na mbwembwe. Namna za kuimba na kucheza zilizotambuliwa zinafika kama 40. Wanaume walikuwa na sehemu yao katika kupiga filimbi, baragumu za mbao na zeze za kudonoa, lakini kuimba kulikuwa hasa kazi ya wanawake.

Muziki wa namna hii haukutungwa ili mtu aketi mbele yake na kuusikiliza. Waimbaji wanatazamana wao kwa wao, na anayesimama nje ya duara huona migongo. Mwimbaji mwenyewe ndiye anayeupata muziki kwa ukamilifu, kwa kuwa msuguano wa sauti mbili zinazokaribiana huutetemesha mwili wa yule aliye katikati yake. Waimbaji wa zamani walipenda sauti zao zigongane kama kengele, na mgongano huo ndio uliokuwa kipimo cha wimbo ulioimbwa vizuri. Ukiwageuza wanawake hao, ukawapanga nusu duara mbele ya vipaza sauti na kuwataka wamalize kwa dakika mbili kwa sababu kiitikio kinajirudia mno, umebakiwa na noti tu. Kujirudia ndiko kunakofanya kazi, kwa sababu katika ibada wimbo hufuata muda wa tendo linalotendeka.

Kipimo kisichofaa kinaweza kuua wimbo kabisa, na Roma ya kale imetuachia mfano. Mwaka 207 KK, Hannibal wa Carthage akiwa bado ndani ya Italia na jeshi lake, makuhani waliagiza wasichana 27 wapite mjini wakiimba wimbo wa kumtuliza mungu mke Juno, uliotungwa na Livius Andronicus. Mwanahistoria Titus Livius ametueleza mapambo ya msafara, ng'ombe wawili weupe, sanamu mbili za mvinje, njia waliyopita, hata namna wasichana walivyoshika kamba mikononi na kwenda wakipiga miguu kufuata mdundo. Wimbo wenyewe hakuunukuu, kwa hoja kwamba huenda ulisifiwa na watu wa wakati ule lakini kwa wasomaji wake ungesikika mkavu na usio na ustadi. Kwa uamuzi huo wa msomi mmoja, hatunao tena.

Sutartinės ziliponea chupuchupu. Lithuania ilibatizwa rasmi mwaka 1387, na eneo lake la Samogitia mwaka 1413, ikiwa dola ya mwisho Ulaya kuiacha dini ya asili. Hata hivyo, nyimbo za wanawake ziliendelea vijijini hadi karne ya 19, ambapo uimbaji mpya wa sauti zinazopatana ulianza kuzifunika. Ninafurahi kusema kwamba mmoja wa waliozinusuru alikuwa padre Mkatoliki, Adolfas Sabaliauskas, aliyezikusanya kutoka kwa wanawake wazee mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye Zenonas Slaviūnas alichapisha mkusanyo mkubwa wa majuzuu matatu, mwaka 1958 na 1959. Sidai kwamba kila wimbo katika majuzuu hayo ni sala ya kale, kwa kuwa nyingi husimulia kazi, ndoa na vita. Lakini kijiji hakikutenga kazi na sala kwa ukuta kama tunavyofanya sisi.

Ibada yenyewe ilirudi kwa gharama. Mwaka 1967, Lithuania ikiwa chini ya utawala wa Kisovieti, vijana walikusanyika katika mji wa kale wa Kernavė kuadhimisha siku ndefu kuliko zote za mwaka, na mwaka 1973 Jonas Trinkūnas, mmoja wa viongozi wao, akaondolewa Chuo Kikuu cha Vilnius. Baadaye yeye na mkewe Inija walianzisha kundi la Kūlgrinda, lenye wanawake na wanaume, ambalo huimba katika ibada za Romuva, jumuiya ya waumini wa dini hiyo ya asili. Mwaka 2015 Inija Trinkūnienė akawa mwanamke wa kwanza kuwa kuhani mkuu wa jumuiya hiyo. Moto huwashwa juu ya madhabahu ya mawe, Gabija, mungu mke wa moto, hulishwa chumvi, na wimbo husindikiza tendo hilo. Bunge lilikataa kuitambua Romuva mwaka 2019, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaona mwaka 2021 kwamba imebaguliwa, na utambuzi ukapatikana mwishoni mwa 2024. UNESCO ilikuwa imeziorodhesha sutartinės tangu mwaka 2010. Kwa miaka 14, basi, wimbo ulienziwa kama urithi huku jumuiya inayouimba kama sala ikisubiri mlangoni.

Simwamini Gabija, wala sioni kwamba kuiheshimu sala ya mwenzangu kunaipunguza yangu. Sisi ambao ngoma za bibi zetu zilifukuzwa makanisani na kukaribishwa tena baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Wapo pia makundi ya wanawake wanaoziimba sutartinės kwa mapenzi ya muziki tu, bila imani hiyo, nami siwalaumu. Ninachowaomba waandaaji wa matamasha ni kuliacha duara lifungwe na wimbo uishe wenyewe. Na mwalimu wa kwaya wa kwetu anayetaka kuonja kazi hii hahitaji zaidi ya wanawake watatu: awape mstari mfupi na kiitikio chake, awaelekeze watazamane, kisha amkataze kila mmoja kukimbilia noti ya jirani pale do na re zitakapokutana.