Ndizi Haikai Ghalani: Ufalme wa Kubuni Uanzie Wapi?

Kijana mmoja anayeandika riwaya alinitandazia karatasi ya manila mezani, akazikandamiza pembe zake kwa vikombe vya chai zisijikunje. Ilikuwa ramani ya ufalme wake wa kubuni: ngome saba za mawe, mito mitatu, milima yenye theluji upande wa kaskazini, na pembeni, kwa wino mwekundu, majina ya koo zinazogombea kiti. Kila ngome na bwana wake, kila bwana na askari wake wa farasi. Nikamwuliza, "Hawa watu wanakula nini?" Akacheka. "Wanakula tu, mzee. Si wanalima?"

Miongoni mwa wanaobuni falme kwa Kiswahili kuna kambi mbili. Ya kwanza husema anza na mtu mwenye shida yake, mengine yatajipanga njiani. Ya pili huanza na udongo: nani analima, nani anapokea, nani anaweza kumfukuza nani shambani. Hawa wa pili hutaniwa kwamba ni maafisa ardhi waliopotea njia. Mimi nao nimewahi kuwatania. Siku hizi naona tumewacheka bila kuwasikiliza.

Tatizo mojawapo ni neno lenyewe. Tanzania tumeupokea ukabaila, yaani utawala wa mabwana wenye ardhi juu ya wanaoilima, kama tusi kabla ya kuuelewa kama mfumo. Azimio la Arusha la 1967 liliuweka bega kwa bega na ubepari katika orodha ya vitu visivyotakiwa katika nchi ya ujamaa, na miaka minne kabla yake, 1963, madaraka ya machifu yalikuwa yamekwisha kufutwa kisheria. Sisemi yalifutwa kwa makosa. Nasema tulibaki na vizazi vinavyojua kumlaani kabaila lakini havijui alikuwa anapokea nini, kutoka kwa nani, siku gani. Ndiyo maana kijana akitaka bwana mkubwa wa kubuni, anamwagiza kutoka Uingereza akiwa na ngome na farasi wake, ilhali Bukoba ni safari ya basi.

Sasa twende Buhaya, nchi ya Wahaya huko Bukoba, na Buganda, ufalme ulio Uganda, maana huko swali la chakula linajibika vizuri.

Kibanja cha Mhaya ni nyumba iliyozungukwa na migomba, chini yake kahawa na maharage, juu ya udongo kumetandazwa nyasi na majani makavu. Nyasi hutoka rweya, ile mbuga tupu iliyo nje ya kijiji. Samadi ya ng'ombe inaingia kibanjani mwaka hadi mwaka, na shamba likitunzwa hivyo linazaa miaka 50 na zaidi bila kuhamishwa. Kwa hiyo kibanja ni kazi ya babu iliyogeuka udongo. Mtu hakiachi kirahisi, na mtawala analijua hilo.

Ila ndizi haikai ghalani. Hapa ndipo ningependa kila mwandishi wa falme asimame kidogo. Ngano inakaa, na teff ya nyanda za juu za Ethiopia inakaa. Panapokuwa na nafaka, bwana anaweza kukusanya mavuno ya mwaka mzima, akafunga mlango, akaweka askari mlangoni, akawalisha au akawanyima watu wakati wa njaa. Ngome ya mawe ina maana kwa sababu ndani yake kuna kitu cha kulinda. William wa Normandy alipotaka kujua Uingereza aliyoiteka ina thamani gani, makarani wake wa 1086 walizunguka wakihesabu, pamoja na mengine, plau na ng'ombe wa kuzikokota. Kwa nafaka hesabu hiyo inaingia akilini.

Mkungu wa ndizi ukikatwa leo, siku chache baadaye umeiva, na baada ya hapo ni wa nzi. Naam, ndizi hukaushwa, na akiba ya namna hiyo ilikuwepo, lakini huwezi kuliendesha jeshi wala ikulu kwa makopa ya ndizi. Basi mtawala wa nchi ya migomba anapokea nini? Anapokea vitu vinavyotembea au visivyooza: mbuzi, ng'ombe, vitambaa vya magome ya mutuba, kauri, na nguvu za watu. Na anapokea pombe.

Itazame hiyo pombe kwa karibu. Ndizi zilizoivishwa zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na majani, wanaume wanazikanyaga kwa miguu hadi maji yake yatoke, yanachujwa, yanatiwa mtama uliokaangwa, yanafunikwa. Kesho yake ni rubisi tamu. Siku ya tatu au ya nne imechacha. Buhaya na Buganda, aliyepika alijua kuna kibuyu cha mkubwa; huko Buganda ushuru wa namna hiyo waliuita envujjo. Lakini mkubwa akiletewa vibuyu arobaini afanye nini navyo? Hawezi kuviweka hadi mwakani, na tumbo lake ni moja. Anaita watu. Wanakaa uani, wanakunywa, wanashtakiana, wanasuluhishwa, wanaombana mabinti, wanapashana habari za vita. Baraza la utawala hapo ni pombe inayowahiwa kabla haijachacha. Bwana mchoyo katika nchi kama hiyo haitwi tajiri. Anaitwa mtu aliyemwaga pombe.

Nikitazama hivyo, mambo mengi ya Buganda yanashikana. Wageni wa karne ya 19 walizistaajabia barabara pana zilizonyooka kutoka majimboni hadi mji wa kabaka, yaani mfalme wa Buganda, kila mkuu wa jimbo akiwa na wajibu wa kufyeka ya kwake. Na kwa nini zisiwe hivyo? Mji ule haukuwa na ghala la mwaka. Chakula kilipaswa kuingia kila siku. Mji wenyewe ulihamahama na wafalme. Ufalme wa namna hii unailinda njia kuliko ukuta. Kijana wangu alikuwa na ngome saba na hakuwa na barabara hata moja.

Lugha nayo inashuhudia. Kabaka husemwa "amekula Buganda", na mkuu wa jimbo hula jimbo lake. Sisi tunaosema fulani kapata ulaji tukimaanisha cheo, tusijifanye hatuelewi.

Halafu ikaja pamba, mwanzoni mwa karne ya 20. Wenye ardhi wa Buganda walidai envujjo ya pamba kama babu zao walivyodai ya pombe. Kwa jina ni ushuru uleule, lakini pamba haichachi. Inapimwa, inauzwa, inageuka fedha, na fedha haina tumbo la kushiba. Madai yalipanda hadi serikali ya kikoloni, mwishoni mwa miaka ya 1920, ikalazimika kuyawekea mpaka kwa sheria na kuifunga busuulu, kodi ya ardhi ambayo mkulima alimlipa mwenye ardhi, kwenye shilingi 10 kwa mwaka. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani. Hakuna mfalme mpya aliyepanda kitini wala vita vilivyopiganwa. Zao lilibadilika, na uhusiano wa mkulima na bwana wake ukageuka kitu kingine huku majina yote yamebaki palepale. Mwandishi akilipata hilo ana riwaya nzima bila kumuua mwana wa mfalme hata mmoja.

Wapo watakaonizuia hapa, na wana hoja nzito. Mwanaanthropolojia Jack Goody alisema kuliita jambo hili ukabaila ni kulazimisha: sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na plau, ardhi ilikuwa tele na watu wachache, kwa hiyo mtawala alitawala watu zaidi ya kumiliki udongo. Ukimbana sana mtu, anahama. Waganda wana kitenzi kabisa, kusenga, kwenda kujiweka chini ya mkuu, na kusenguka, kumwacha ukatafute mwingine. Bwana wa Ulaya alikuwa na mkulima aliyefungwa kwenye shamba. Mkuu wa Buganda angeweza kuamka akakuta mashamba yanaota magugu.

Nakubali karibu yote, ila sioni inavyomsaidia anayetaka kuuruka udongo. Hoja ya Goody yenyewe ni ya udongo na chakula! Ukishajua watu wako wanaweza kuhama, umejua kwa nini bwana wako lazima awe mkarimu, na umejua siku atakayotafuta njia ya kuwazuia.

Njia zilipatikana. Buhaya kulikuwa na nyarubanja: mukama, mfalme wa Kihaya, alimega eneo lenye vibanja na watu wake ndani, akampa ndugu au mtu aliyempendeza. Mzee aliyelala akiwa mwenye kibanja aliamka mpangaji chini ya migomba ya babu yake. Aende wapi, na udongo wa miaka hamsini auache? Ilifika 1965, Uhuru umeshapatikana, ndipo ikatungwa sheria ya kuwafungua. Kaskazini, makubaliano ya Machi 1900 kati ya Waingereza na Buganda yaliwagawia machifu na wakubwa maili za mraba 8,000, na kutoka kwenye hizo maili ndipo lilipotoka jina la ardhi ya mailo. Mtu aliyekuwa anakula jimbo kwa hisani ya kabaka, na kuweza kunyang'anywa kesho, sasa ana hati. Makaburi ya wazee wa koo yakajikuta ndani ya mipaka ya watu wengine, na wazee hao, bataka, wakaanza kulalamika kwa umoja miaka ya 1920.

Rwanda nayo inafaa kutajwa, kwa uangalifu. Kabla ya Wabelgiji kuunganisha vyeo, mlima mmoja ungeweza kuwa na wakuu watatu: wa ardhi, wa malisho, na wa jeshi. Aliyeonewa na mmoja aliweza kumkimbilia mwingine. Lakini palepale palikuwa na uburetwa, siku za kumfanyia kazi mkuu wa ardhi bila malipo, na mzigo huo ulielekea mabegani mwa watu wa upande mmoja. Anayechota humo kwa ajili ya hadithi asichote vyeo vya kupendeza tu akaziacha siku za kazi. Hilo ndilo onyo la haki kuliko yote ninayosikia dhidi ya kambi ninayoitetea: kwamba tunaipenda mitambo ya utawala hadi tunawasahau waliosagwa nayo. Nalibeba.

Na kambi ya hadithi kwanza? Ina jambo lake. Bibi zetu walianza na "Hapo zamani za kale palikuwa na sultani", na hakuna mtoto aliyeinua mkono kuuliza sultani anatoza kodi ya nini. Ngano inakwenda kwa tamaa, wivu na werevu wa sungura. Tena ni kweli kwamba utafiti unaweza kuwa kichaka cha kujificha. Ninalo daftari la kurasa sitini la ufalme wa kando ya ziwa, lenye kodi, koo na kalenda ya mvua, na halina mhusika hata mmoja. Mke wangu huliita bajeti.

Lakini ngano ya bibi ni ya usiku mmoja. Riwaya ya kurasa mia tatu inamlazimu mfalme kufanya mambo, na kila afanyalo lina gharama: jeshi lile lilikula nini njiani? Mwandishi asipojua, atajibu kwa alichokwisha kuona kwa wengine, na ndivyo theluji inavyofika kwenye ramani ya kijana wa Muleba, jirani na Bukoba. Nami ninachoomba si sura nzima ya maelezo ya kodi. Msomaji hahitaji kuliona daftari. Anahitaji tu kuona kibuyu kinapita kwa jirani mwenye kesi, na mwenyeji akikitazama kilivyobaki.

Tazama jambo dogo la Buganda. Watoto wa kabaka hufuata ukoo wa mama, kinyume na watu wengine wote. Hakuna ukoo wa kifalme. Kila ukoo unaopeleka binti ikulu una matumaini. Kanuni hiyo ni ya sentensi moja, na ndani yake mna wajomba wanaosubiri, mama anayelindwa kwa dawa, na ndugu wasioaminiana. Kambi ya hadithi kwanza ingehangaika miezi kuvibuni hivyo.

Kijana alirudi baada ya wiki tatu. Karatasi ileile, imefutwafutwa hadi imetoboka mahali. Ngome zimebaki mbili, theluji imeondoka, na kati ya kitongoji cha mwisho na mji wa mfalme amechora njia moja ndefu. Alikuwa na swali: mkuu wa mpakani ameitwa ikulu ghafla, ua umejaa vibuyu vya watu, naye hatarudi kwa siku sita. Mdogo wake yupo nyumbani. Je, mdogo mtu ana haki ya kuwaita watu wanywe?

Nikamwambia avute kiti.